Nani Alipie Sikio la Fundi?

Hoja: gari likilia linapokata kona polepole, je, kutafuta chanzo ni kazi ya kulipiwa peke yake, hata kama hakuna spea iliyobadilishwa? Wanaojibizana wote wanaishi Birmingham: dereva wa teksi, fundi wa gereji huko Small Heath, mkaguzi wa MOT, yaani ule ukaguzi wa magari wa kila mwaka, na mzee mstaafu wa kiwandani.

DEREVA: Mimi nalipa ninachokiona. Spea mpya ipo, ile mbovu nimeoneshwa, gari limenyamaza: natoa pesa, tunaagana vizuri. Lakini fundi alizungushe gari langu mtaani, arudi aseme bado hajajua na anataka alipwe kwa kutafuta? Hapo hatuelewani. Nyumbani fundi anasikiliza kwanza. Akishajua ndipo mnataja bei.

FUNDI: Nyumbani nimefanya kazi, Gerezani, Dar es Salaam. Mdogo wangu, hakuna aliyekusikiliza bure. Fundi aliyesikiliza kweli aliitia saa yake ndani ya bei ya spea. Asiyekuwa na saa hiyo hakusikiliza, alitaja spea tu. Gari likigonga mbele, bushi. Likiendelea, boljointi. Likiendelea, shokapu. Ulilipia kila alipobahatisha, ukaondoka ukimsifu kwamba hakukutoza chochote kwa kutafuta.

DEREVA: Na hapa hamkosei? Gari langu lilikuwa likilia tak-tak-tak nikikata kona. Gereji moja ikanibadilishia shafti nzima ya kushoto. Nikatoka, kona ya kwanza tu, mlio uleule. Mafundi wa hapa hao, wana mashine zote. Nikalipa tena kwingine.

FUNDI: Lilikuwa likilia ukikata upande gani?

DEREVA: Kushoto. Ndiyo maana wakabadilisha ya kushoto.

FUNDI: Ukikata kushoto, gari linaegemea kulia, na tairi la kulia ndilo linalozunguka duara kubwa zaidi. Mara nyingi jointi ya nje ya shafti ya upande huo ndiyo inayolalamika. Sisemi kila mara, na kwa sababu si kila mara, mtu hashiki spana kabla hajalipeleka gari mahali peupe akalizungusha: usukani umekatwa hadi mwisho, kushoto, kisha kulia, mwendo wa mtu anayetembea. Anakanyaga mafuta kidogo, anaachia. Jointi iliyokwisha huongeza mapigo tairi linapoongeza mizunguko, hulia kwa nguvu ukikanyaga, hufifia ukiachia. Ukienda mbele umenyoosha usukani, kimya. Kazi hiyo haifiki hata robo saa. Lakini hakuna aliyepangiwa kulipwa kwa robo saa hiyo, kwa hiyo haikufanyika, na wewe ukanunua shafti.

MKAGUZI: Tena hata kabla ya kulizungusha, kulikuwa na kazi ya tochi. Kata usukani hadi mwisho, piga magoti, tazama raba inayofunika jointi, ile yenye mikunjo. Ikipasuka hurusha grisi nyeusi ndani ya rimu na kwenye springi. Grisi ikitoka, mchanga na maji vinaingia. Hilo dereva mwenyewe anaweza kuliona mbele ya mlango wake.

DEREVA: Dada, wewe si ndiye uliyepaswa kuliona? Gari langu lilikuwa limepita MOT.

MKAGUZI: Raba naikagua. Tangu Mei 2018 kasoro zimegawanywa katika ndogo, kubwa na za hatari. Raba iliyochakaa vibaya ni kasoro ndogo, gari linapita. Iliyopasuka hadi haizuii tena uchafu ni kasoro kubwa, gari linaanguka. Lakini mlio wenyewe haumo kwenye orodha yangu. Sifungui kitu, sivunji kitu, wala siliingizi gari barabarani kusikiliza kona. Natazama kilichoonekana siku ile, saa ile. Wewe ukipita shimo kesho yake, karatasi yangu haijui.

DEREVA: Basi hesabuni mnayonidai. MOT ya gari dogo inaweza kufika pauni 54.85. Leseni ya halmashauri. Bima ya teksi, nayo sitaki hata kuitaja. Tangu tarehe 1 Juni 2021, ukiingia katikati ya jiji na gari linalochafua hewa ni pauni 8 kwa siku, kwa hiyo wengi wetu tukahamia Prius. Na gari likilala gereji siku moja, siku hiyo sina mapato kabisa. Sasa juu ya hayo yote mnataka nilipie sikio?

FUNDI: Mimi sina siku? Ramp moja, gari lako likiwa juu hakuna gari lingine. Ukiondoka bila kulipa kwa sababu nimegundua ni kitu kidogo, ile saa ameilipa nani? Na nitasema lililonikaa moyoni. Spea unaagiza kwa watu usiowajua, unalipa bila swali. Ukija kwangu unaniita kaka, unaniambia tumetoka pamoja, nikusikilizie tu. Undugu unakuja kudai kwenye kitu kimoja nilichosomea maisha yangu yote.

DEREVA: Na mimi nitasema langu. Nakuja kwako kwa sababu kwingine nazungumza na kaunta. Kijana anaandika “kelele mbele” kwenye kompyuta, gari linaingia ndani, silioni tena mpaka jioni. Siwezi kumweleza kwamba mlio unakuja nikiwa nageuza kwenye zile njia nyembamba nyuma ya Coventry Road, magari yamepaki pande zote mbili, usukani wote mpaka mwisho, na kwamba kwenye barabara kuu hausikiki. Kwako naweza. Hiyo nusu ya kazi naifanya mimi, kwa maneno yangu. Mbona mimi silipwi?

FUNDI: Kweli, maelezo hayo ni nusu ya kazi. Sikatai.

MZEE: Na nusu ya pili?

DEREVA: Shikamoo mzee.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Nimekusikiliza. Hiyo jointi mnayogombania naijua, nimeishika kabla haijawa na gari. Nilitoka Unguja baada ya mapinduzi, nikafika hapa kijana, nikaajiriwa Erdington, kiwanda cha shafti cha Chester Road. Aliyeibuni ni Alfred Rzeppa, Marekani, miaka ya 1920, lakini iliingia barabarani kwa wingi kutokea jiji hili. Alec Issigonis alipoitengeneza Mini, Longbridge, ikatoka mwaka 1959, injini aliilaza kwa upana na nguvu akaipeleka tairi za mbele, zilezile zinazokata kona. Jointi ya kawaida ikikunjwa sana haizungushi sawasawa, tairi linakwenda kwa kusukumasukuma na usukani unatikisika mkononi. Ilihitajika jointi inayokunjwa na bado inazungusha kwa mwendo mmoja. Ndani yake mna mipira 6 ya chuma kigumu, kila mmoja katika mfereji wake, yote imeshikwa na kizimba. Jointi hizo za Mini zilitengenezwa hapahapa Birmingham.

DEREVA: Sikujua kwamba ni mzaliwa wa hapa.

MZEE: Wa hapa. Kiwanda chenyewe kilitangazwa kufungwa mwaka 2021, watu zaidi ya 500 kazi zao zikaisha. Lakini nilichotaka kukueleza ni hiki. Mle kiwandani walikuwamo watu ambao hawakutengeneza hata kipande kimoja. Kazi yao kupima. Mfereji ukikosewa kwa kiasi usichokiona kwa macho, mpira unagonga usukani ukikatwa. Walipima, wakakubali au wakakataa, na mshahara waliupata kama sisi. Hakuna aliyewaambia, hamkuzalisha kitu leo, nendeni nyumbani mikono mitupu.

DEREVA: Mzee wangu, kwa heshima zote, umenipa hoja mimi. Wapimaji wale walilipwa na kiwanda. Aliyenunua Mini hakupewa risiti yenye mstari wa “kupima.” Gharama ilikuwa ndani ya bei. Ndicho ninachokisema toka mwanzo: fundi atie kutafuta ndani ya bei ya kutengeneza, aniambie namba moja.

MZEE: Hmm. Hapo umenibana.

FUNDI: Hajakubana, mzee, kwa sababu kiwanda kiliuza jointi kila siku. Mimi mara nyingine sina cha kuuza. Gari linaletwa likikwaruza kila kona ya kushoto, mwenyewe ameshaambiwa ni beringi ya tairi. Nalinyanyua, natia mkono: ile plastiki ya ndani ya madigadi imeachia, tairi likikatwa linaisugua. Klipu mbili. Au bati la kukinga vumbi nyuma ya diski ya breki limepinda, nalirudisha kwa vidole. Bei ya spea hapo ni nini nitie ndani yake saa yangu? Ukinilipa kwa njia ya spea tu, umeniambia kwa kinywa chako: tafadhali niuzie spea. Fundi mwaminifu anakula hasara, asiye mwaminifu anauza beringi. Baada ya muda waaminifu wanafunga.

DEREVA: Na ukilipwa kwa saa ya kutafuta, nani atakuzuia usitafute mpaka jioni? Hilo nalo ni ombi kwa kinywa changu: tafadhali usione haraka.

MKAGUZI: Hilo swali lake ni zito, fundi. Lijibu.

FUNDI: Nalijibu kwa kuweka ukomo. Nusu saa. Nusu saa inatosha kwa milio mingi ya kona, ukiwa unajua unatafuta nini. Ikiisha bila jibu, nakupigia simu, unaamua wewe.

DEREVA: “Inatosha” ni neno lako. Nioneshe.

FUNDI: Naanza gari likiwa limesimama. Injini inawaka, usukani unakatwa kushoto na kulia. Likilia limesimama, jointi ya CV, yaani hiyohiyo ya shafti, naiweka kando, maana shafti haizunguki. Hapo nimeshaondoa nusu ya wale wanaotajwa bure. Sasa mlio gani? Ukinguruma kama unalalamika na kuzidi usukani unapofika mwisho, na gari ni la pawa steringi ya mafuta, nafungua chupa: yamepungua? yana povu? Povu ni hewa imeingia. Ukilia kwa sauti kali nyembamba, mkanda. Na kuugandisha usukani mwisho kabisa ni kuitesa pampu hata ikiwa nzima, hilo nawaambia wateja wote.

DEREVA: Mimi kuna aliyeniambia niongeze mafuta ya pawa steringi.

FUNDI: Kwenye Prius?

DEREVA: Kwenye Prius.

FUNDI: Usukani wa Prius unasaidiwa na mota ya umeme. Hakuna chupa, hakuna mafuta, hakuna pampu. Huyo hata boneti hakufungua. Sasa unaona kusikilizwa bure kunakupa nini?

DEREVA: Naona kwamba kuna watu hawajui kazi. Kulipa hakuwafundishi.

MKAGUZI: Mimi niseme kuhusu mlio mmoja ambao watu wanauchezea. Mlio wa “dung,” kama chuma kilichojikunja kikaachia ghafla, unapokata kona polepole au unapogeuza kwenye maegesho. Huo mara nyingi ni springi ya mbele, au beringi ya juu ya shokapu iliyoganda: usukani unageuka, springi haitaki kugeuka nayo, inajisokota mpaka inaruka. Mmoja akate usukani, mwingine aguse springi kwa ncha za vidole tu, mkono usiingie katikati ya mikunjo. Ikiruka utaisikia. Huku majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi, rangi ya springi inabanduka, kutu inaingia, kisha shimo moja linamalizia. Inavunjika chini kabisa, ndani ya kikombe chake, huoni ukiwa umesimama. Kipande kile kikitoka kinaweza kuchana tairi. Springi iliyovunjika kwangu haipiti. Na wewe unabeba watoto wa watu unawapeleka shule.

DEREVA: Mimi nabeba wangu pia.

MKAGUZI: Ndiyo maana nasema. Jointi inayotiktika inaweza kukupa muda. Springi na boljointi hazikupi ahadi hiyo. Boljointi ikitoka, tairi linalala upande na usukani hauna kazi tena. Swali lenu la nani alipe linakuja baada ya swali la kama gari linaruhusiwa kutembea leo.

DEREVA: Na nitajuaje, kama kujua kwenyewe kunauzwa?

MKAGUZI: Kidogo hakiuzwi. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, historia yote ya MOT inatoka, pamoja na yale mkaguzi aliyoshauri miaka iliyopita. Kama aliandika raba inaanza kupasuka na hukushughulika, mlio wako una tarehe ya kuzaliwa. Palepale unaweza kuangalia kama mtengenezaji ameliita gari kurekebishwa na bado halijarekebishwa. Mwaka 2012 Toyota iliita zaidi ya magari milioni 2.7 duniani, zikiwamo Prius za kizazi cha 2004 hadi 2009. Sehemu ya sababu ilikuwa shafti ya kati ya usukani: ukiukata kwa nguvu mpaka mwisho mara kwa mara, gari likiwa polepole, meno yanayoishikilia yanaweza kulika, usukani ukaanza kuwa na mchezo. Kona za polepole hasa.

DEREVA: Yangu ni ya baada ya hapo. Lakini sikilizeni mlichokisema wenyewe! Pale mtengenezaji ndiye aliyetafuta, mtengenezaji ndiye aliyelipa. Hakumwambia dereva leta pesa ya kusikilizia.

FUNDI: Kwa sababu kosa lilikuwa lake. Shimo lililovunja springi yako lilitengenezwa na nani?

DEREVA: Halmashauri!

MKAGUZI: Unaweza kuidai. Sheria ya barabara ya 1980 inaipa wajibu wa kutunza, na palepale inaipa utetezi ikionesha ilikagua barabara kwa utaratibu unaoridhisha. Na hii ni halmashauri iliyotangaza Septemba 2023 kwamba imeishiwa. Usitegemee huruma. Watakutaka picha ya shimo, tarehe, na karatasi ya fundi inayosema kimevunjika nini na kwa nini anaamini ni kwa kugongwa, si kwa uzee. Sasa niambie, karatasi hiyo ni nini kama si kutafuta chanzo?

DEREVA: Lakini mimi sijawahi kupewa karatasi. Nimepewa risiti. “Shafti, kushoto. Kazi.” Basi.

MZEE: Hapo sasa. Kiwandani mpimaji alitia sahihi. Jointi ikirudi imevunjika, namba inasomwa, na aliyeipitisha anaulizwa. Alilipwa, na alijibu. Nyinyi mafundi mnataka la kwanza. La pili mmelinyamazia.

FUNDI: Mzee, unanipiga mimi sasa?

MZEE: Nakuuliza. Ukisema ni jointi ya kulia, akalipa, ukabadilisha, na mlio ukabaki?

FUNDI: Narudisha pesa ya kazi. Spea siwezi, imeshafungwa, na kama ilikuwa na mchezo ilihitaji kubadilishwa hata hivyo.

DEREVA: Hapana. Kama ilikuwa na mchezo ungeniambia, ningeamua mwenyewe ibadilishwe leo au mwezi ujao. Uliniambia ndiyo inayolia. Kwani sheria ya haki za watumiaji ya 2015 haisemi mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ujuzi?

MKAGUZI: Hiyo ya 2015 inamlinda mtu anayenunua kwa mahitaji yake binafsi. Wewe gari lako ni la biashara. Kwako inasimama sheria ya bidhaa na huduma ya 1982, nayo pia inadai uangalifu na ujuzi wa kuridhisha. Lakini zote mbili hazisemi fundi asikosee kamwe. Zinauliza kama alifanya ambacho fundi makini angefanya. Asiyelizungusha gari kabla ya kuuza shafti atapata shida kujieleza. Aliyelizungusha, akaandika alichosikia, ana cha kuonesha.

FUNDI: Basi kuandika kunanilinda mimi.

MKAGUZI: Na yeye.

DEREVA: Tufike basi. Nusu saa nitalipa. Sijakubali kwamba ni haki, nimekubali kwa sababu shafti ile iliniuma zaidi. Lakini nikitengeneza kwako, ile nusu saa uikate kwenye bei.

FUNDI: Siikati. Nikiikata, tumerudi kulekule: aliyekutwa na klipu mbili analipa kutafuta, aliyenunua shafti hakulipa, na mimi naanza tena kutamani kila gari liwe na shafti mbovu.

DEREVA: Unaona, hapo ndipo nasema mmekuwa wa hapa.

FUNDI: Nimekuwa fundi asiyetaka kukuuzia usichohitaji. Huko au hapa.

DEREVA: Na nikiichukua karatasi yako nikaipeleka gereji nyingine yenye bei nafuu?

FUNDI: Ipeleke. Umeilipia, ni yako.

DEREVA: Bila kununa? Kesho nikikukuta msikitini?

FUNDI: Nitanuna kidogo. Lakini ni yako.

DEREVA: Basi iandikwe limelia ukikata wapi, likiwa limesimama au linatembea, umegusa nini, umeona nini. Na bei ya nusu saa uniambie kabla hujagusa jeki.